Panzi wa Mfongo na Jani la Isale

Nilichokiona kwanza ni kwamba kijiwe kilikuwa na macho.

Nilikuwa nimeinama kwenye mfongo chini ya kihamba cha Bibi, shamba lake la migomba na kahawa, nasugua ndoo ya maziwa. Mfongo ni mfereji ambao mababu waliuchimba kuleta maji kutoka juu msituni, na huku kwetu Old Moshi kila ukoo una zamu yake ya kuyafungulia. Siku ile haikuwa zamu yetu. Ndani mlikuwa na tope na mkondo mwembamba tu, na kwenye mawe ya ukingo kulikuwa na ule ukijani laini unaoota palipo na unyevu. Juu ya ukijani huo palikaa kijiwe kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye macho mawili yaliyochomoza juu kama ya chura.

Nikakigusa kwa ncha ya jani. Kikaruka, kikatumbukia majini. Nilidhani nimekiua. Lakini kikapiga mateke, kikaogelea mpaka upande wa pili, kikapanda jiwe, kikatulia. Kikawa kijiwe tena.

Sikumwambia mtu. Mimi si msemaji. Watu wa kwetu wanasema Elinipendo hana mdomo, na ni kweli kwamba mtu akinisalimia njiani namwitikia nikiangalia miguu yake. Najua viatu vya watu wengi kuliko sura zao.

Naandika haya kwa sababu ya Jumamosi ile baba mdogo Anaeli alipokuja kunichukua nirudi Bomang'ombe nikalee mtoto wa binti yake Goodness, na mimi sikutaka kwenda. Lakini siwezi kuanza na Jumamosi. Bila wale panzi, Jumamosi ningekuwa nimefunga nguo zangu na kupanda gari kama siku zote.

Masika yalikuwa yanaisha mwenyekiti wa kitongoji alipomleta dada Hadija nyumbani, kupanga chumba chetu cha uani. Alikuwa msichana wa Moshi mjini, amevaa ushungi na buti za mvua. Baba yake ni fundi cherehani karibu na soko. Alikuwa amesomea wadudu chuo kikuu na sasa alitaka kuishi karibu na mfongo.

"Unatafuta nini kwenye mfongo?" Bibi akamuuliza.

"Panzi, Bibi."

"Panzi wa kula?"

"Hapana, Bibi. Wa kutazama."

Bibi aliniangalia kama vile ningeweza kumweleza. Kisha akamgeukia tena mgeni. "Umesoma miaka mingapi, mwanangu?"

"Mingi, Bibi."

"Pole," Bibi akasema, akamwongezea chai.

Dada Hadija alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alisema kwao ni hivyohivyo. Baba yake humwita mkaguzi wa panzi, na mama yake huwaambia majirani kuwa bintiye yuko wizara ya kilimo, basi, wasiulize zaidi. Halafu akatoa picha kwenye mkoba akatuonyesha anachotafuta. Kilikuwa kijiwe changu, kile chenye macho.

Mimi, ambaye sijawahi kumwanza mgeni kwa maneno, nikasema, "Huyu najua anapokaa."

Kuanzia hapo nilikuwa nikimaliza kukata majani ya ng'ombe, nashuka naye mfongoni. Kazi yangu ilikuwa kukamata. Humkimbizi panzi huyu, unamsubiri. Unaweka kiganja mbele yake na kidole nyuma yake, anaruka mwenyewe anaingia mkononi. Jioni tulikaa barazani, sahani nyeupe mezani, yeye na kibanio chake na mimi na lenzi.

"Unaona nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Panzi wa kahawia."

"Sahau kahawia."

Akawapanga wengine kwenye sahani. Mmoja alikuwa mweusi, mmoja ana mstari mweupe mgongoni, mmoja ana madoa ya kijani kama mawe ya kule kwenye maji. "Hawa ni aina ngapi?"

"Nne, pamoja na yule."

"Moja," akasema. "Rangi ni nguo. Ukiwapanga watu wa Moshi kwa nguo zao, Jumapili utapata kabila moja na Jumatatu utapata lingine. Anza na ngao."

Ngao ndiyo inayomtenga huyu na panzi wengine wote. Panzi wa kawaida ana ngao fupi inayoishia shingoni kama kola ya shati. Hawa wadogo ngao yao inapita shingo, inapita mabega, inafunika mgongo mzima mpaka mwisho wa mwili, na wengine inapita mpaka nyuma ya magoti, kama mtu aliyejitanda shuka. Ukishaona hiyo, unajua umepata mmoja wao. Kazi inaanza hapo. Mgongo wa ngao umelala, au umesimama kama paa la nyumba? Bega ni la duara, au lina mwiba? Papasi, zile nyuzi mbili za kichwani, zimeota chini ya macho, au katikati yake? Paja la mguu wa kati ni jembamba, au limetanuka? Na mwisho kabisa, unatazama uso kwa mbele. Ile nafasi kati ya macho mawili ni pana kuliko jicho, au jicho ni pana kuliko nafasi?

"Usiruke hatua," alikuwa akisema. "Na usiseme jina kabla hujafika katikati ya macho. Ukiwatazama kwa juu tu, wote ni ndugu."

Nilipenda kazi ile kwa sababu ambayo sikumweleza. Unaweza kumtazama panzi usoni muda wote unaotaka, na yeye hakuulizi unatazama nini.

Kila aliyekamilika aliingia kwenye kichupa cha spiriti pamoja na kikaratasi: mahali, tarehe, na jina la aliyemkamata. Mara ya kwanza alipoandika Elinipendo nilimwambia aandike jina lake yeye.

"Kwani nimemkamata mimi?"

"Hapana, lakini wewe ndiye mwenye kazi."

"Elinipendo, panzi asiye na karatasi hafai kitu. Hata awe mzuri namna gani. Hatujui katoka wapi, hatujui nani alimwona. Ni takataka ndani ya spiriti." Akabandika kifuniko. "Umemwona wewe. Andika hivyo."

Wiki ile nilikosea, na kosa lilitoka kwenye kahawa. Mimi nimekulia kwenye kahawa. Tangu nikiwa mdogo Bibi alinikalisha mbele ya ungo nichague: punje fupi na iliyosinyaa ni changa, inakwenda kando. Dada Hadija alikuwa na chupa kubwa moja ya panzi watoto, ambao hawakupewa jina kwa sababu maumbo yao hayajatulia. Basi nilipokuwa nachagua, kila panzi ambaye ngao yake ilikuwa fupi, asiye na mabawa ya kutosha kuruka mbali, nilimtupia kwa watoto. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe.

Alipoimimina ile chupa kwenye sahani akamchomoa mmoja kwa kibanio.

"Nani kakwambia huyu mtoto?"

"Ni mfupi. Mabawa hayajafika."

"Hayajafika wapi?"

Akamgeuza yule panzi kwa kibanio, akanisogezea lenzi. "Tazama nyuma kabisa. Unaona vile visu viwili vyenye meno?"

"Naona."

"Anatagia hivyo. Huyu ni mama wa watu, wewe unamweka chekechea." Akamweka pembeni, akachukua mwingine mdogo kweli. "Mtoto ndiye huyu. Vijibawa vyake vimelala kinyume, vya nyuma vimefunika vya mbele. Akishakomaa vinageuka. Yule wa kwanza vyake vimeshageuka. Aina hii wengine hutoka na ngao ndefu na mabawa ya kwenda mbali, wengine hutoka wafupi. Wote wamekomaa. Yule mfupi hasubiri kitu."

Hakunisema zaidi ya hapo. Tuliwachagua upya wote, tukacheka kila tulipompata mama mwingine chekechea. Lakini kesho yake nikiwa nakata majani niliendelea kuyasikia maneno yale. Hasubiri kitu.

Niliishia darasa la tano. Bibi alivunjika nyonga, wazazi wangu walikuwa wameshafariki, na ng'ombe hawezi kuambiwa asubiri. Bibi alipopona nilikuwa nimepitwa, na kwa haya zangu sikuweza kurudi kukaa na watoto wadogo. Tangu hapo, katika familia yetu, mimi ndiye ambaye hana anachofanya. Mtu akijifungua wananiita mimi. Nimelea kwa shangazi, nimelea kwa binamu, na mwisho nikalea Bomang'ombe kwa dada Goodness, ambaye anafanya kazi ofisini. Nilimlea binti yake Elisifa tangu hajakaa mpaka anakimbia. Halafu Elisifa aliungua.

Kinachosemwa ni hiki. Kinasemwa kwenye misiba na kwenye harusi, nimekisikia nikiwa nagawa chakula. Kwamba Elinipendo alimtengenezea mtoto uji, akaiweka sufuria chini kando ya mkeka, akaenda zake. Mtoto akaivuta. Mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko kushuka. Kwamba Elinipendo si mbaya, ila akili yake haijakomaa.

Mimi ninachokumbuka ni kuingia mlangoni na beseni tupu la nepi nikakuta mtoto analia ile sauti. Nilimbeba mimi mpaka zahanati. Kesho yake asubuhi nilirudishwa Old Moshi na nguo zangu kwenye mfuko wa rambo. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi sikuwa mtu wa kusema nisipoulizwa.

Sasa Goodness alikuwa amejifungua tena. Baba mdogo alipiga simu Jumatano jioni. Simu ya Bibi huwekwa sauti kubwa kwa sababu masikio yake yamechoka, kwa hiyo tulisikia wote barazani, mimi, dada Hadija na panzi.

"Wasichana wa kazi hawakai, Mama," baba mdogo alisema. "Huyu anaondoka, huyu anaondoka. Mtoto anataka mtu wa damu yake. Mwandae Elinipendo, Jumamosi nampitia."

"Si ninyi mliomrudisha hapa na rambo?" Bibi akasema.

"Ndiyo maana nakuja na isale."

Bibi aliikata simu taratibu, akaiweka mapajani.

Dada Hadija aliniuliza baadaye isale ni nini, kwa sababu kwao mjini hawana. Nikamwonyesha pale kwenye mpaka wa kihamba, yale majani marefu tunayopanda kuonyesha ardhi inapoishia na wazee walipolala. Mtu aliyekukosea akija na jani la isale amelifunga fundo, humrudishi nalo mkononi. Unalipokea. Na ukishalipokea jambo limekufa, halitajwi tena na yeyote, si wewe, si yeye. Hata mlevi wa kilabuni anajua hivyo.

"Ni jambo zuri," akasema.

"Ni zuri," nikasema. Kwa kuwa ni zuri kweli. Nimeona ndugu waliokuwa hawazungumzi wakilia kwa ajili ya jani lile.

Alivuta miguu barazani akatazama vichupa. "Jumatatu ndiyo nilisema tunakwenda Kilema. Mifongo ya kule nataka kujua kama panzi wake wana mwiba begani kama wa huku." Akakigeuza kimoja mkononi. "Mambo ya ukoo wenu siwezi kuingilia, Elinipendo. Mimi mgeni."

"Najua."

Lakini nilikuwa nimeshikilia neno lake moja. Tunakwenda. Nimewahi kusafiri kwenda kwa watu, lakini kila mara palikuwa na mtoto wa mtu mgongoni.

Baba mdogo Anaeli ni mtu mchangamfu, na huwezi kumchukia. Ni mzee wa kanisa, anaimba besi, na akiingia mahali watu wanasogeza viti. Jumamosi alifika na shati jeupe na viatu vyeusi vilivyopigwa kiwi. Nilivijua kabla sijamwona.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa siku hizi unafuga panzi."

"Sifugi. Nachagua."

"Wanakamuliwa?"

Bibi alicheka, na mimi nilicheka, ndivyo alivyo. Dada Hadija alimwamkia kwa heshima, akachukua sahani yake na lenzi akaenda kukaa mbali, kwenye kizingiti cha chumba chake. Baba mdogo alikunywa chai. Alikula kiburu cha Bibi, zile ndizi za kuponda na maharage, akakisifu, akauliza ng'ombe anatoa lita ngapi. Halafu akanawa mikono, akafungua mfuko wa kitambaa aliokuja nao, akatoa jani.

Lilikuwa jani refu, la kijani kibichi, limefungwa fundo katikati. Alikuwa amelichuma palepale kwenye mpaka wetu alipokuwa anaingia. Kwenye kona nililiona shina lililokatwa likiwa bado linatoa maji.

Akapiga simu kwanza. "Goodness, uko? Nakuweka sauti kubwa, Bibi yako naye asikie." Akaiweka simu mezani, pale pale tunapowapanga panzi. Kisha akanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Elinipendo, mwanangu. Kwa niaba ya dada yako na nyumba yake. Yaliyopita yamepita. Pokea hili, ukachukue nguo zako, twende kabla jua halijawa kali."

Nilikuwa naangalia viatu vyake. Kimoja kilikuwa na tope la mfongo kwenye kisigino.

"Pokea, mjukuu wangu," Bibi akasema polepole. "Isale halikataliwi."

"Silikatai, Bibi."

"Haya," baba mdogo akasema.

"Nauliza tu. Linaombewa nini?"

Alicheka kidogo. "Yaliyopita."

"Yapi?"

"Mwanangu, isale si mahakama. Hatusomi mashtaka hapa. Ni kwamba mlikosana, sasa mnapatana."

"Hatukukosana. Mimi sikugombana na mtu."

"Basi ni rahisi zaidi. Shika."

Jani lilikuwa karibu na kifua changu. Niliweza kulinusa. Ningeweza kulichukua na kunyamaza, na wote wangesema Elinipendo ni mtoto mzuri. Nikafikiri, nikilichukua hivi hivi, lile jambo litazikwa bila karatasi ya kweli. Litakuwa limeandikwa jina langu, jina ambalo si lake, na hakuna atakayeruhusiwa kulifungua tena, hata mimi. Hasa mimi.

"Baba mdogo, jani nitalipokea," nikasema. "Bomang'ombe siendi."

Baba mdogo akamtazama Bibi, kisha akanigeukia.

"Huwezi kupokea na usiende."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukipokea umekubali."

"Nikipokea nimesamehe. Kusamehe ni kitu kimoja na kwenda ni kitu kingine. Vinafanana ukivitazama kwa juu tu."

"Nani kakufundisha maneno haya?" Akageuza shingo kuelekea kizingitini. "Ni huyu binti wa panzi?"

Dada Hadija hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika lenzi juu ya sahani ambayo haikuwa na kitu.

"Huyo kanifundisha mabega na mapaja," nikasema. "Haya ni yangu."

Bibi alikohoa. Alikuwa anazuia kicheko au kilio, sikuweza kujua.

"Elinipendo, nisikilize," baba mdogo akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli. "Wewe ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mimi sikuletei ubaya. Hapa utafanya nini? Huyu mgeni mvua zikikatika anaondoka na vichupa vyake. Utabaki na nini? Kule ni nyumbani, kuna chakula, kuna dada yako. Wewe bado mtoto, huoni mbali."

"Sioni mbali," nikasema. "Lakini mimi si mtoto. Nimemaliza kukua, baba mdogo. Kama mnangoja niwe mrefu zaidi ya hapa ndipo mniulize ninachotaka, mtangoja bure. Ni mimi huyu. Jumatatu naenda Kilema."

"Kilema kuna nani?"

"Kuna mifongo."

Bado alikuwa ameshika lile jani, na kwa mara ya kwanza aliliangalia kama mtu aliyebeba mzigo wa mwingine akasahau ni wa nani.

Ndipo simu ikasema. Tulikuwa tumeisahau.

"Baba, achana naye." Ilikuwa sauti ya dada Goodness, na nyuma yake kichanga kinalia. "Nilikwambia. Tunamwendea na isale kama yeye ndiye mkubwa. Mtu kamuunguza mwanangu, nimemsamehe mimi, halafu anaringa. Ana nini huyo cha kuringia? Panzi?"

Baba mdogo aliinama kuizima simu.

"Usizime," nikasema.

Mkono wake ukabaki hewani. Nadhani hajawahi kunisikia nikimwambia mtu mzima asifanye kitu. Mimi mwenyewe sijawahi kujisikia nikisema hivyo.

Nikanyanyua uso. Sikuanza na viatu, wala mkanda, wala mfuko wa shati. Nikaanza pale nilipofundishwa kuishia, katikati ya macho yake. Ana macho ya Bibi. Nafasi kati yake ni pana, na kuna kovu dogo ambalo katika miaka yote sikuwahi kuliona. Hayakuwa macho ya mtu mbaya. Yalikuwa macho ya mtu ambaye hakuwahi kuambiwa.

Bibi alisogea kwenye kiti chake, akachukua ncha moja ya lile jani, akaishika, ili mwanawe asichoke kunyoosha mikono. "Sema," akasema. "Tukishalipokea hutasema tena. Sema sasa."

Nikasogea karibu na simu, kwa sababu sauti yangu ni ndogo na nilitaka ifike.

"Dada Goodness, ni mimi Elinipendo. Siku ile mimi nilikuwa nje naanika nepi. Uji uliupika wewe, kwa sababu ulikuwa unachelewa kazini. Sufuria uliiweka wewe chini, kando ya mkeka, ukaenda kujipaka mafuta. Nilikuona dirishani. Nilipoingia bado ulikuwa na chupa ya mafuta mkononi, na ukaniangalia, na tulijua wote wawili. Halafu ukapiga simu ukasema ni mimi, na mimi nimesimama hapo, nimembeba mtoto. Hilo ndilo ninalokusamehe. Baba mdogo, lete jani."